Karani wa posta tunayemuruka

Bandugu na badada wa association, ba lisansiye wenzangu, hii ni kritiki, haiko hotuba. Naomba muisome pole pole, kisha munijibu.

Hapa Bunia tuko na kartie inaitwa Lumumba. Watu wanazaliwa pale, wanaoa pale, wanapanda moto pale kila asubui kwenda Boulevard de la Libération. Uliza kijana mumoja wa pale: Lumumba alikuwa anafanya kazi gani mbele ya kuingia politike? Kama anajua kitu, atakujibia: aliuzisha bia. Posta, hakuna anayeitaja. Hata sisi wenye lisansi tuko vile vile. Tangu tulianza kuzungumuza juu ya tarehe 17 Januari, na juu ya wazo la kuchanga pesa ili tusimamishe sanamu yake, nimesikia wenzetu wakisimulia maisha ya Lumumba na vituo ine tu: alizaliwa Onalua, akauzisha bia Léopoldville, akatoa hotuba ya 30 Juni, wakamuua. Kati ya Onalua na bia kuko shimo la miaka zaidi ya kumi. Na ndani ya lile shimo kuko nyumba moja ya kazi: posta ya Stanleyville, ile tunaita leo Kisangani.

Mimi ni agronome. Mambo ya majengo ya zamani haiko fani yangu. Lakini wakati munataka kutumia pesa yetu kwa kukumbuka mutu, niko na haki ya kuuliza tunakumbuka nini, na pahali gani.

Nianze na wale waliotufundisha kuruka posta. Haiko kosa la vijana wa kartie. Aimé Césaire, mushairi wa Martinique, aliandika tiatre yake Une saison au Congo, ikatoka mwaka 1966. Sehemu ya kwanza, pazia linafunguka, na tunamukuta Lumumba katikati ya watu katika kartie ya weusi ya Léopoldville, anasifia bia ya Polar. Miaka zaidi ya makumi tatu kisha, Raoul Peck, Muhaiti aliyekomalia Kinshasa, alitengeneza filme yake Lumumba, ya mwaka 2000. Yeye pia, akisha kutuonyesha maiti na wazungu wanaoiharibu usiku, anamupokea shujaa wake Léopoldville, ndani ya biashara ya bia. Kazi mbili kubwa, watu wawili wenye akili, na mulango ni mumoja: chupa.

Ninaelewa sababu yao. Bia ni tiatre tayari. Kuko watu, kuko kelele, kuko muuzishaji anayepanda juu ya meza na kusema, na anayesikiliza anaona tayari tribune atakayekuja. Tena ile bia ilikuwa na politike ndani yake: Polar ilikuwa ya Lumumba, na watu wa Abako walishikamana na Primus. Ukiwa mwandishi, zawadi kama hii utaiacha namna gani? Posta, yenyewe, haina kitu cha kuonyesha. Mutu amekaa nyuma ya gishe. Anapokea mukanda, anapima, anabandika timbre, anapiga kashe, anaandika ndani ya rejista. Kisha mwengine anakuja. Kisha mwengine. Filme ya saa mbili juu ya rejista, nani atailipia tikiti?

Lakini kuelewa sababu haiko kukubali matokeo. Ukianza na bia, unaanza na kinywa. Lumumba anakuwa mutu aliyezaliwa akijua kusema, kipaji cha Mungu, moto ulioshuka toka mbinguni. Na moto wa namna hii, mutu wa kawaida hawezi kuuiga. Wachoraji wetu wamefika mbali zaidi kwa njia hii. Tshibumba Kanda-Matulu, mwenye kuchora historia yote ya inchi katika miaka ya 1970 kule Katanga, amemuweka Lumumba karibu kabisa na Yesu, mpaka misalaba mitatu kwenye picha ya kifo. Ni picha ya nguvu, mimi mwenyewe naipenda. Lakini mbele ya Yesu unapiga magoti tu. Huwezi kumuuliza: wewe, mushahara ulikutosha?

Na karani wa posta, njo swali ya kwanza ya kumuuliza.

Tuangalie sasa ile miaka. Patrice Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 Onalua, katika Sankuru. Mwaka 1944, kijana wa miaka 19, anafika Stanleyville. Anaingia kazi ya ukarani kwa Leta. Anatumwa Léopoldville kwenye shule ya posta, anamaliza, anakuwa mutu wa posta mpaka 1956. Wakati ule Stanleyville njo ilikuwa makao makuu ya Province Orientale, na Ituri yetu yote ilikuwa ndani: Bunia, Irumu, Mahagi, Aru, Mambasa, migodi ya Kilo. Tumekuwa chini ya ule muji miaka mingi, mpaka 2015, wakati walikata provense. Njo maana nasema hii posta haiko ya watu wa Kisangani peke yao. Karibu kilomita 700 za barabara, kupitia Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende, lakini kichwa chetu kilikuwa kule.

Na alifanya nini, akiwa pale? Hapa njo sehemu ambayo filme na tiatre zinatunyima. Aliandika magazetini, katika La Voix du Congolais na La Croix du Congo. Aliongoza chama cha wafanyakazi wa posta wa provense, na chama kile kilikuwa na gazeti lake, L'Écho postal. Aliongoza chama cha maevoluye wa Stanleyville. Alisaidia mutafiti mumoja Mufaransa, Pierre Clément, aliyekuja mwaka 1952 kuchunguza maisha ya weusi wa ule muji. Aliomba ile karata ya immatriculation, wakamukatalia kwanza, akaipata mwaka 1954. Mwaka 1955 mufalme Baudouin alipopita Stanleyville, karani huyu alipata nafasi ya kuzungumuza naye. Mwaka 1956 alikuwa kati ya wale walioalikwa kutembelea Ubelgiji.

Soma tena ile liste. Kila kitu pale ni kazi ya mukono na karatasi. Kuandika, kukusanya cotisation, kushika prosè-verbal, kupanga mukutano, kuomba salle, kujibu barua, kuomba karata, kukataliwa, kuomba tena. Hii njo politike yenyewe, ile isiyoonekana. Wakati MNC inaundwa Oktoba 1958, haikujengwa na kinywa peke yake. Ilijengwa na mutu aliyekuwa na miaka mingi ya kuongoza vyama vidogo vidogo, vile watu hawavihesabu. Sisi wa association yetu, tunaolalamika kila mwezi kama watu hawalipe cotisation na kama secrétaire hakuleta rapport, tungepashwa kuwa watu wa kwanza kuona uzuri wa hii sehemu. Badala yake tunataka sanamu yenye kidole juu.

Sasa nafika kwa jambo ambalo, nazani, ni sababu ya kweli ya kuruka posta. Mutaniwia radhi, lakini tulitaje.

Julai 1956, akitoka Ubelgiji, walimukamata. Shitaka: kula pesa za posta. Hesabu inayotajwa ni franga 126.000. Tribunal ikamuhukumu miaka miwili, kisha kifungo kikapunguzwa, akatoka Septemba 1957. Bia ya Léopoldville ilikuja kisha ya gereza, juu mulango wa Leta ulikuwa umefungwa. Kwa hiyo ile chupa inayofungua tiatre ya Césaire ni mwisho wa histoire ingine, na histoire ile tumeificha nyuma ya pazia.

Kuko namna mbili za kusimulia hili jambo, na zote mbili zinanichokesha. Wenye kumuchukia wanasema: munaona, mwizi, yote mengine ni maneno. Wenye kumupenda wanasema: ni uongo wa wakoloni, tusizungumuze. Wale wa kwanza wanataka rejista ya posta imeze hotuba ya 30 Juni. Wale wa pili wanataka hotuba ichome rejista. Hakuna anayekaa chini na kuangalia vitu vyote viwili mara moja.

Mimi najaribu. Mutu wa miaka 30, mwenye bibi na watoto, mwenye karata inayosema kama yeye ni sawa na muzungu mbele ya sheria. Ile karata inamuomba maisha fulani: nyumba fulani, mavazi fulani, vitabu, wageni, watoto shuleni. Mushahara wake ni wa karani mweusi. Na kila siku, kazi yake ni kuhesabu pesa za wengine. Sisemi kama hii inaosha mikono. Wizi ni wizi, na pesa ya posta ilikuwa na wenyewe. Nasema kama ukoloni uliwapa watu hawa cheo cha karatasi, ukawanyima njia ya kukiishi, kisha ukawaweka mbele ya kisanduku cha pesa. Mutu akianguka pale, anguko lake linatufundisha kitu juu yake na kitu juu ya ile mashini. Ukiondoa anguko, unapoteza masomo yote mawili.

Na kitabu chake kinaonyesha vile. Ni katika ule wakati wa 1956 na gereza njo Lumumba aliandika Le Congo, terre d'avenir, est-il menacé? Kilikuja kuchapwa Bruxelles mwaka 1961, mwenyewe akiwa amekwisha kuuawa. Watu wengi wanaojiita lumumbiste hawakisomi, na wale wanaokisoma wanakionea haya. Juu ndani yake Lumumba haombi uhuru. Anaomba mishahara ya haki, masomo, heshima kwa maevoluye, na umoja wa Wabelgiji na Wakongomani. Anasifu kazi ya Ubelgiji mahali pengi. Ukikilinganisha na 30 Juni 1960, unaweza kuzani ni watu wawili.

Wataalamu wamoja wanasema ni kitabu cha mufungwa anayetaka kupendeza jaji. Inawezekana sehemu fulani ni vile. Lakini jibu hili ni rahisi mno, na linatuzuia kusoma. Mimi nakiona kama kitabu cha mutu wa gishe: anaandika sawa mutu anayejaza formulaire, namba kwa namba, na bado anaamini kama formulaire ikijazwa vizuri, biro itajibu. Miaka ine tu kisha, yule yule anasimama mbele ya mufalme yule yule na hana formulaire tena. Kilichotokea katikati, gereza, Léopoldville, Accra ya Desemba 1958, risasi za Stanleyville Oktoba 1959, njo histoire kubwa ya huyu mutu. Lakini huwezi kupima urefu wa safari kama umekata mahali ilipoanzia.

Hapa niruhusuni neno moja la fani yangu. Mwenye kupita Yangambi anajua herbier yake. INEAC ilianza 1933, na ndani ya ile nyumba kuko mimea mikavu maelfu kwa maelfu, imebandikwa kwenye karatasi. Kila moja iko na etiketi ndogo pembeni: jina, pahali ilipokatwa, tarehe, mutu aliyeikata, udongo namna gani. Kitu cha bei pale ni etiketi. Ondoa etiketi, unabakia na majani makavu ambayo hata mbuzi hatakula. Na angalieni: majengo ya Yangambi ambayo bado yanasimama vizuri ni yale ambayo kazi inaendelea ndani. Wakati watu wanaingia kupima, kukausha, kuandika, dari linatengenezwa. Wakati kazi inatoka, mvua inaingia. Hakuna siri ingine ya kulinda jengo.

Sanamu yenu ni majani bila etiketi.

Leta, yenyewe, imefanya nini? Imechagua kuzaliwa na kufa. Onalua imeingizwa ndani ya muji mupya uliopewa jina Lumumbaville, kwa dekre ya 2013. Juni 2022 Ubelgiji ulirudisha jino, kile kipande kimoja kilichobakia kwa mikono ya polisi Mubelgiji aliyeharibu maiti. Jeneza likazungushwa inchini: Onalua, Kisangani, Shilatembo pahali walimuulia, kisha Kinshasa, na tarehe 30 Juni wakalizika Limete, kwenye Échangeur. Mimi sikucheka ile safari kama wengine. Familia iko na haki ya kuzika. Lakini Novemba 2024 watu wakavunja ile mausole na kuharibu jeneza, na inchi ikabaki inauliza jino liko wapi, wakasema liko pahali salama. Munaona tunafika wapi, ukiweka kumbukumbu yote ndani ya kitu kimoja kidogo? Mutu akivunja mulango mumoja, kila kitu kinatikisika.

Kuzaliwa na kufa, hata kuku anazaliwa na anakufa. Kinachomutofautisha mutu ni kile alifanya katikati, na katikati ya Lumumba kubwa zaidi, kwa hesabu ya miaka, ni kazi ya ukarani. Alikuwa Premier ministre kwa miezi isiyofika mitatu. Alikuwa karani kwa zaidi ya miaka kumi.

Watu watasema: jirani zetu pia hawafanye vile. Si kweli kabisa. Kenya, katika kamji kadogo ka Kapenguria, mbali kabisa na Nairobi, Waingereza waliwahukumu Jomo Kenyatta na wenzake watano, kesi ya 1952 mpaka 1953. Walichagua Kapenguria juu ilikuwa mbali. Leo lile gereza ni musé, tangu 1993, na unaweza kuingia ndani ya vile vyumba vya kufungia. Ni kazi nzuri. Lakini hata pale, angalieni: wamelinda gereza. Kenyatta huyo huyo, katika miaka ya 1920, alikuwa anasoma mita za maji kwa ajili ya muji wa Nairobi, nyumba kwa nyumba. Nani ameweka kibao kwenye mita ya maji? Gereza lina utukufu, mita haina.

Watanzania tu njo walifanya kitu ambacho nawaonea wivu, na hawakutumia hata sementi. Nyerere alifundisha Pugu mpaka 1955, akaacha kazi juu ya politike ya TANU. Lakini kazi haikumuacha: mpaka leo jina lake ni Mwalimu. Raisi wa inchi miaka zaidi ya makumi mbili, na watu wanamuita kwa jina la kazi yake ya kwanza, bila haya. Sisi tuna "shujaa wa taifa", cheo alichopewa mwaka 1966 na Mobutu, mutu aliyemukamata. Jaribu kusema "Karani Lumumba" mbele ya watu, uone sura zao. Watazani unamutukana.

Na ile haya njo inanigusa mimi, na inawagusa ninyi munaosoma. Juu tuseme ukweli wa Bunia. Provense yetu iko chini ya état de siège tangu Mei 2021. Agronome anayependa kazi yake hawezi kufika kila shamba la Djugu ao la Irumu na kurudi mangaribi. Kwa hiyo wengi wetu wenye lisansi tuko wapi? Ndani ya vibanda, chini ya parasoli, tunatoa Airtel Money na M-Pesa, tunauzisha unité, tunaandika namba ndani ya kaye. Tunakaa siku nzima na pesa za wengine mbele yetu, faida ni kidogo, na diplome iko nyumbani ndani ya sashe juu mvua isiiharibu. Wengine wetu tukiona profesa wetu anapita, tunainamisha kichwa. Tunasema "nangojea poste ya maana". Kila mutu anatafuta poste, na hakuna anayeona kama alikwisha kukaa posta.

Sisemi kama kila mwenye kibanda ni Lumumba. Ingekuwa utani. Nasema kama sura ya Lumumba tunayoisimamisha inatuambia kama miaka yetu hii haihesabiwe, kama maisha yataanza siku moja, mbele ya mikro. Na maisha ya Lumumba mwenyewe yanasema kitu kingine: ni nyuma ya gishe, na kaye na kisanduku, njo aliandika articles zake, njo alijifunza kuendesha chama, na ni pale pale alianguka. Kijana wa kibanda anayejua hii anaweza kujiuliza maswali mawili ya kweli: jioni nikifunga, ninaandika nini? Na hii pesa isiyokuwa yangu, ninaishika namna gani? Sanamu haiwezi kumuuliza swali hata moja kati ya haya.

Muzee mumoja wa association, ninayemuheshimu, aliniambia: mutoto wangu, ukitaja kesi ya 1956 tarehe 17 Januari, unawapa maadui fimbo. Ninamujibu kwa heshima: baba, fimbo wanayo tangu 1956. Ni sisi hatuna jibu, juu hatujaisoma kesi. Mutu anayemutetea mwengine bila kujua shitaka ni muteteaji gani?

Kwa upande wangu pia kuko hatari, na ni muzuri niitaje mbele ya mwengine kuitaja. Tunaweza kukamata jengo la posta na kulifanya ile ile kaburi: kibao cha marumaru, utepe, ministre anakata, kinywaji, kisha funguo inapotea. Musé bila mulinzi, bila mutu anayejua kuelezea, bila pesa ya dari, itakufa mbele ya sanamu. Tena Kisangani iko mbali, na pesa yetu ni kidogo. Kwa hiyo siombe association ya Bunia iende kutengeneza posta ya Kisangani.

Ninachoomba ni hiki. Ile pesa tuliyotaka kuchanga kwa sementi na rangi ya dhahabu, tuinunulie nakala za Le Congo, terre d'avenir kwa ajili ya biblioteke, hata kama ni za fotokopi, na tarehe 17 Januari tusome sura moja pamoja, wenye kukubali na wenye kukataa. Kisha, hapa hapa Ituri, tutafute watu wa posta. Bunia, Mahagi, Aru, Mambasa, Irumu zilikuwa na gishe zao, na wazee waliokaa nyuma yake, ao wajane wao, wengine bado wako. Tuwaulize mukanda wa Stanleyville ulichukua siku ngapi, nani alisimama kwenye laini, mushahara ulikuwa ngapi, kashe ilishikwa na nani, nani aliandikia wasiojua kuandika. Tuandike jina la kazi, pahali, mwaka, kama etiketi ya herbier.

Wale muko na baba ao babu aliyefanya ile kazi, muje na kaye yake ao picha yake kwenye mukutano ujao. Mukikosa picha, hata kepi inatosha. Mimi nitaleta meza, na nitashika rejista.